Shangazi Aliyekatwa Kwenye Filamu

Jumamosi iliyopita, baada ya kula ugali kwa kisamvu na kuzima redio, Bi Mwanaidi Shekalaghe alijilaza mkekani kupumzisha mgongo. Usingizi ukamchukua mchana kweupe, akaota anaitwa kazini.

Kazini penyewe ni stesheni ya Mombo, mwaka ule walipopiga filamu ya Harusi ya Mombo. Redio ndiyo iliyomchokoza. Ilikuwa imetangaza kwamba filamu hiyo, iliyotokana na riwaya ya jina hilohilo, itaonyeshwa tena kwenye uwanja wa shule. Bi Mwanaidi ndiye aliyeshona nguo zake zote. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na minane, sasa ana sabini na mmoja. Ndotoni alikuwa na umri wote huo kwa pamoja: vidole vya binti, magoti ya leo.

Mlangoni pa stesheni kulikuwa na kitabu kimesimama, urefu kama wa mtu, kimevaa jalada lililochakaa viwikoni.

"Shikamoo," akakiamkia, kwa kuwa kilionekana kimemzidi umri.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa nguo?"

"Ndiye mimi."

"Nimejihesabu leo asubuhi. Ukurasa wangu wa themanini na nane haupo. Ndio ule wenye shangazi wa bibi harusi, anakimbiza treni na kapu la chakula."

"Labda umeudondosha njiani."

"Mimi sidondoshi," kitabu kikasema, kikakohoa vumbi. "Mimi huchanwa. Twende."

Kikatangulia. Nyuma yao ikaja filamu, maana makubaliano yalisema filamu ifuate kitabu. Ilikuwa mkanda mweusi mrefu, ikijiburuta juu ya kokoto za reli na kuhema. Kitabu kikisimama, nayo inasimama. Kitabu kikipiga chafya, nayo inajipapasa kutafuta pua.

Ndani ya stesheni, mhusika mkuu ameketi kwenye benchi la abiria. Ni mkuu kwelikweli. Kichwa kimetoboa bati na miguu imevuka reli mpaka ng'ambo. Kina mama wanaosubiri treni wameanika nguo mapajani pake. Kamera iko pembeni, inakunywa chai ya rangi kwa jicho.

Mwongozaji, Bwana Mlimuka, amekaa kwenye kiti chake na kofia usoni. Amefariki miaka mingi iliyopita, Bi Mwanaidi alihudhuria maziko, lakini hapa hakuna anayeliulizia jambo hilo.

"Kata!" Bwana Mlimuka anasema.

Kila kitu kinakatika. Mkate wa muuza chai unakatika vipande viwili. Treni iliyokuwa ikiingia inakatika katikati. Nusu ya mbele inakwenda Korogwe, nusu ya nyuma inabaki na abiria wanaouliza kama nauli yao ilikuwa ya nusu ipi. Mzee mmoja aliyekuwa akisimulia habari za mgogoro wa shamba anakatika kwenye neno "kwa hiyo", na hatujui mpaka leo shamba lilikwenda kwa nani.

"Nadai ukurasa wangu," kitabu kikasema.

"Mimi nilikata tu," Bwana Mlimuka akajibu, bila kutoa kofia. "Sababu niliambiwa na fundi wa nguo. Muulize huyo. Waliokatwa, pamoja na wahusika wadogo wote, wako jikoni."

Bi Mwanaidi alitaka kusema jikoni hakujui, lakini mlango wa ofisi ya tiketi ukafunguka wenyewe, na ndani yake kulikuwa na jiko lake mwenyewe, la nyumbani kwake, na sufuria ya kisamvu bado haijaoshwa.

"Ungeosha kwanza," kitabu kikamwambia.

"Sikutarajia wageni."

Juu ya kabati palikuwa na kopo la sukari. Alipolifunua, wahusika wadogo wakamtazama kutoka chini: mpagazi, muuza ndizi, shehe aliyefungisha ndoa, kila mmoja mdogo kama njiti ya kiberiti. Shehe alikuwa na sukari kwenye ndevu. Na katikati yao, mrefu kidogo kuliko wenzake, kama kijiko cha chai, alikaa Stamili.

Stamili alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Aliuza bagia sokoni Mombo mpaka Bwana Mlimuka alipomwona akimfukuza mteja aliyekula bila kulipa, akasema: huyo ndiye shangazi wangu. Akapewa gauni la zambarau lenye vifungo kumi vya shaba, akakimbiza treni siku mbili mfululizo bila viatu. Waliomwona walisema hata dereva wa treni alitokwa na machozi.

Siku ya tatu ikaonekana kwamba gauni halina vifungo. Shangazi anaanza kukimbia akiwa na vifungo, anafika kwenye treni hana hata kimoja. Bwana Mlimuka akafoka, akauliza ni nani. Ni Mwanaidi aliyevitoa jioni ya siku ya kwanza, akavishona kwenye gauni la bibi harusi, kwa sababu vya bibi harusi alivisahau Tanga. Lakini alipoulizwa alisema, "Ni Stamili. Hajui kutunza nguo ya kazi."

Bwana Mlimuka akakata. Hakumwambia mtu.

Stamili alijua siku filamu ilipozinduliwa. Alikuja na mama yake na shangazi zake sita kutoka Soni, wote na kanga mpya, wakakaa mstari wa mbele. Wakasubiri. Bibi harusi akapanda treni, treni ikaondoka, hakuna aliyeikimbiza. Lilipotokea neno Mwisho na taa zikawaka, mama yake akamgeukia akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Sasa wewe ulikuwa wapi?"

Mwanaidi alikaa safu ya tatu nyuma yao. Alisikia. Hawakusemezana tena.

"Mtoe," kitabu kikasema.

Akamtoa Stamili kwa vidole viwili, akamweka mezani karibu na chumvi. Gauni la zambarau lilikuwa wazi kifuani, naye amelishikilia kwa mkono.

"Umezeeka," Stamili akasema.

"Na wewe umepungua."

"Mhusika mdogo nitakuwaje?"

Meza ikawa stesheni. Reli ikapita kati ya chumvi na sahani, kamera ikaweka chai chini, Bwana Mlimuka naye akawepo kwenye kiti chake, kofia usoni. Kile kibao cha kugonga kabla ya kupiga picha kikajitokeza, kikanyoosha mgongo kama mwalimu wa zamu.

"Ukurasa wa themanini na nane," kikasema. "Anasema fundi wa nguo. Mara ya kwanza!" Kikajigonga.

"Stamili," Bi Mwanaidi akasema, "vile vifungo vilipotea."

"Kata!"

Neno lake likaanguka mezani, limekatika. Kibao kikalifagia.

"Mara ya pili!"

"Vile vifungo vilikuwa... kazi ilikuwa nyingi, Stamili, na mimi peke yangu."

"Kata!"

"Mara ya tatu!"

"Nilivitoa mimi. Nikakusingizia wewe."

Stamili hakujibu. Lakini alikuwa amefikia kimo cha chupa ya mafuta, na miguu yake ikaanza kuning'inia nje ya meza.

"Nzuri," kibao kikasema. "Tuirudie."

Wakairudia. Mara ya nne akasema kwa nini, kwamba aliogopa kufukuzwa. Mara ya tano akasema kwamba hakufukuzwa, alisifiwa. Mara ya sita akalia, kibao kikamwambia machozi hayamo kwenye ukurasa, kitabu kikajipekua kikasema yamo, pembezoni. Mara ya saba akaeleza alivyosikia sauti ya yule mama ukumbini. Kila mara Stamili anakua. Mara ya nane meza inavunjika kwa uzito wake. Mara ya tisa na ya kumi Bi Mwanaidi anasema yaleyale, lakini kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu treni inakuja, nzima, imeunganika, na inapiga honi.

"Mara ya kumi na moja!"

Stamili amesimama mbele yake, mtu mzima, mwanamke wa miaka sabini kamili, kapu mkononi, pekupeku juu ya kokoto.

"Nisamehe, shoga yangu!" Bi Mwanaidi akapiga kelele kushinda honi. "Ulikimbia vizuri kuliko wote!"

Akangoja aambiwe kata. Bwana Mlimuka akatoa kofia usoni, akaishika kifuani. Stamili akageuka, akaanza kukimbiza treni. Filamu nzima ikamfuata yeye, ikakiacha kitabu kimesimama.

"Haya, nimetimia," kitabu kikasema, wala hakikuonekana kuudhika. Kikajifunga kwa kishindo.

Bi Mwanaidi akaamka. Saa tisa alasiri. Kuku alikuwa ameingia ndani, anadonoa makombo ya ugali. Akafungua kinywa kumfukuza, na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Koo lilikuwa limekauka na kuwaka, kama la mtu aliyeshinda mkutanoni akipiga kelele. Akanywa maji, akanywa chai ya tangawizi. Sauti haikurudi.

Akakaa muda mrefu na simu mapajani. Namba ya Stamili alipewa na mpwa wake miaka minne iliyopita, wala hakuwahi kuipiga. Sasa akaipiga, bila sauti, bila kujua atasema nini nayo haipo.

Ikapokelewa mara moja.

Bi Mwanaidi akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zote. Ukatoka upepo tu.

"Pumzisha koo, Mwanaidi," ikasema sauti ya upande wa pili, ikihema kidogo, kama ya mtu aliyetoka kukimbia. "Hata ile mara ya tatu ilinitosha. Nilinyamaza tu, nifaidi kukusikia."