Mshale Uliolala

"Washa swichi, dada, ila usipige stata," alisema fundi Ponsiano, ameinamia injini pale gerejini Kongowe. Wilhelmina akawasha. Mshale wa geji ya joto la injini ulikuwa umelala chini tangu juzi, hata gari likitembea vipi, na mama yake alikuwa anamsubiri huko Kisarawe ampeleke kliniki.

Fundi akabandua tepu kwenye waya wa sensa ya joto, akagusisha ncha ya upande wa geji kwenye chuma cha injini. Mshale ukapanda mpaka juu kabisa.

"Geji yako nzima. Huu waya ndio umekatwa, tena kwa koleo, halafu ukafichwa kwa tepu nyeusi. Panya hafungi tepu."

Wilhelmina akamgeukia mdogo wake Castory, ambaye juzi aliazima gari. Castory akatazama viatu vyake.

"Lilichemsha, dada. Niliogopa ungeona mshale uko juu."

"Kwa hiyo ukanifumba macho! Nimpakie mama, injini itufie njiani, huku mimi naamini ni ya baridi?"

"Nisamehe basi. Si wewe kila jioni unatusalisha tusameheane?"

"Huo moyo wa kusamehe nitamwomba Mungu kwa magoti. Sasa hivi sina!" Akamsukumia simu kifuani. "Mpigie mama. Mwambie gari haliji, na umwambie kwa nini."

Castory akapiga. Simu haikuita hata mara mbili.

"Mmefika wapi, wanangu?" sauti ya mama ikauliza. "Mimi nimeshavaa."