Pumzi ya Nyuma ya Pazia

Msimu wa joto ukiingia, mji ule mdogo wa ziwani hukosa adabu kabisa. Kila ukuta unatundikwa picha, kila kona ina mtu anaimba, na ukitaka kupita na kapu lako la mboga, huna budi kuwaruka wachoraji waliokaa chini wakiwakodolea macho bata. Wageni wanalamba aiskrimu na kusema, "Jamani, pazuri huku!" Ikifika saa kumi alasiri wote wanasogea bustanini, kwenye kibanda cha muziki, kumsikiliza Mzee Tarumbeta.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka thelathini. Mwaka huu Mzee Tarumbeta hakuwa na meno ya mbele.

Yalianza kulegea wakati wa baridi, yakang'oka moja baada ya jingine, na daktari wa meno akamwekea ya bandia. Mazuri tu, ya kutabasamia. Ya kupulizia je? Thubutu! Kila akiweka tarumbeta mdomoni meno yanateleza, midomo inakosa pa kuegemea, na kinachotoka ni upepo mtupu, kama tairi la baiskeli lililokanyaga msumari. Alijaribu jikoni, alijaribu bafuni, alijaribu amejifunika blanketi majirani wasimsikie. Akaambulia mate.

Angeweza kustaafu na heshima zake, nani angemlaumu? Lakini ikaja barua ya binti yake.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Jumamosi moja ya msimu kama huu, mke wa Mzee Tarumbeta alizidiwa ghafla nyumbani. Binti, wakati huo ana miaka kumi na tisa, alikimbia peku hadi bustanini, akasimama mbele ya kibanda na kumpungia baba yake mikono miwili. Baba alimwona. Alimwona vizuri kabisa, na mwenyewe hajawahi kukana. Akamaliza kwanza kipande cha muziki alichokuwa akipiga, dakika nne nzima, ndipo akashuka. Walipofika nyumbani mama alikuwa ameshakata roho.

Binti alizika, akafungasha, akaondoka. Wala si hilo peke yake lililomuuma. Tangu utotoni alikuwa akimwomba baba ampigie nyumbani, hata kidogo tu, ule wimbo ambao mama aliuimba puani akipiga pasi sare ya bendi. Jibu likawa lilelile miaka yote: "Nyumbani si jukwaani." Mtu mkavu yule. Nadhani aliogopa muziki ukiingia jikoni utachacha.

Sasa barua ilisema hivi: "Nakuja Jumamosi na mjukuu wako. Upige wimbo wa mama. Nikiusikia, nitajua kama naweza kukaa nawe chumba kimoja."

Mzee aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaenda nayo kwa kiongozi wa bendi, ambaye wote walimwita Mwalimu.

"Mwambie ukweli," Mwalimu akasema.

"Upi? Kwamba nilipokuwa na meno sikumpigia, na leo anaomba sina?"

Aliyepata jibu ni Chiriku, yule dada anayepiga tarumbeta ya pili, mdomo wake hauna breki. "Mzee wangu, hilo nalo ni la kulilia? Mimi nakaa nyuma ya pazia, wewe unasimama mbele, unavimbisha mashavu, unabonyeza vidole. Nani atajua?"

Pazia lilikuwepo kweli. Mchoraji wa mji alikuwa ametengeneza kitambaa kikubwa cha kutundikwa nyuma ya bendi, ziwa zima na milima yake, na hadi Ijumaa rangi ilikuwa bado mbichi kwa sababu bwana yule haachi kuongeza mawingu. Basi watu wazima kumi na wawili, wenye akili zao timamu, wakakaa wakakubaliana kwamba huu ndio msaada wa kumpa mwenzao. Na mimi siwacheki. Walimpenda. Wiki nzima Mzee alimwimbia Chiriku wimbo ule, akamwonyesha pa kuvuta pumzi na pa kuishusha.

Jumamosi ikafika. Binti alikaa mstari wa tatu, amempakata mtoto wa miaka minne, uso kama wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mzee akasogea mbele. Akaweka tarumbeta mdomoni, akafumba macho, na sauti ikaanza nyuma ya mgongo wake.

Ilikuwa nzuri, wallahi. Wachoraji waliacha brashi. Bibi mmoja aiskrimu ilimyeyukia mkononi asijali. Halafu katikati, pale wimbo unapopanda, sauti ikatetemeka kidogo, ikakaribia kukatika, ikajikaza, ikaendelea. Mzee alishtuka nusura adondoshe chombo. Watu walisimama kupiga makofi.

Wakati wa kufungasha vyombo Chiriku alimjia mbio, amejishika pua. "Nisamehe, mzee wangu. Harufu ya rangi ilinikaba, ikabaki kidogo tu nipige chafya."

"Haidhuru," Mzee akamjibu, "umeniokoa."

Alikuwa bado anasema hivyo binti alipopanda ngazi za kibanda. Alilia bila kujificha, akamkumbatia baba yake mbele ya bendi nzima.

"Pale katikati, baba," akasema. "Ulipotetemeka. Nikajua unalia na wewe. Nilikusamehe palepale."

Chiriku alitazama viatu vyake. Mwalimu akaanza kukunja karatasi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jioni ile walitembea wote watatu wakitazama picha ukutani. Binti alikaa nyumbani kwa baba yake, akalala kwenye kitanda chake cha zamani, akacheka kwa vichekesho ambavyo havichekeshi. Mzee hakula vizuri. Kila akimwangalia binti alitaka kusema, na kila akitaka kusema aliona msamaha wenyewe umesimama juu ya chafya ya mtu mwingine. Akiuondoa, unabaki nini?

Asubuhi, gari lao likiwa la saa sita, binti aliitoa tarumbeta ya baba yake sandukuni, akaileta mezani.

"Baba, tunaondoka. Tupigie hapahapa jikoni. Pale mama alipokuwa akipiga pasi. Kidogo tu, huyu akue akijua."

Mtoto akawahi kuikamata. Akapuliza mashavu yote, na tarumbeta ikatoa mlio mnene, *pwaaa*, mpaka vikombe vikatikisika. Akacheka na vijino vyake vyeupe. "Haya, Babu! Zamu yako!"

Mzee Tarumbeta alikitazama chombo. Alijua kitakachotoka. Upepo, mate, na baada ya hapo maswali, na binti angejumlisha mwenyewe: kwamba siku moja katika maisha yake baba alipoombwa kitu cha moyoni, alimweka mtu nyuma ya pazia. Akajaribu kusema, "Mwanangu, jana..." Meno yakasogea mdomoni. Akayarudisha kwa ulimi. Woga ukachukua maneno yaliyokuwa karibu, yale aliyoyazoea.

"Nyumbani si jukwaani," akasema.

Mtoto akamwangalia mama yake. Binti hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Aliichukua tarumbeta taratibu, akairudisha sandukuni, akafunga vifungo vyote viwili. Akaosha vikombe. Akamvalisha mtoto viatu.

Mzee aliwafuata mpaka mlangoni. Nje, ukutani mkabala, mchoraji alikuwa akitundika picha mpya na kuwaamkia wapita njia.

Binti aligeuka pale getini.

"Kumbe jana ulikuwa unawapigia wageni," akasema.

Akamshika mtoto mkono, wakashika njia ya kituoni. Saa kumi bendi ilianza kama kawaida, na watu walisema pazuri huku.