Moyo Uliopiga kwa Atumani

Jumamosi moja ya mwaka 1996, wakati wa vita, Atumani, muuza nyama wa mtaa wa Buyenzi, aliweka moyo wa ng'ombe kwenye ubao, nao ukaendelea kupiga. "Leo unauza nyama ao saa ya ukutani?" wateja walimtania, wakihofia tu kwamba nyama ya namna hiyo itachelewa kuiva. Atumani akaufunika kwa jani la mgomba usipate nzi, akarudi kwenye mbavu zake.

Léocadie alipopita, akasimama. Baada ya kila pigo moyo ule ulitoa "fuu", kama mtu anayepuliza uji wa moto. Alikuwa amelala kando ya sauti hiyo miaka yote ya ndoa yake. Mume wake, Profesa Pontien, alitafiti mioyo iliyoharibiwa na homa za utotoni, na wa kwake ulikuwa mmojawapo. Kila mwanafunzi alianza kwa kusikiliza kifua cha mwalimu huyo. Profesa alivua shati mbele ya darasa, akasema, "Mukosee kwangu kwanza, mi sitalalamika."

Mwezi uliotangulia, vijana wa kizuizi cha barabarani walimsimamisha pamoja na Daktari Jovithe, mwanafunzi aliyempenda kuliko wote. Wakamwuliza Jovithe, "We unamujua huyu muzee?" Jovithe akasema wamekutana tu njiani. Wakamruhusu apite. Profesa hakuonekana tena, wala maiti yake, na Jovithe hakumwambia mtu.

Léocadie akakimbia kwa padri, kisha akaagiza Jovithe aitwe pale buchani.

"Docteur, mwanangu, sikiliza. Padri amekubali tuzike huu moyo. Lakini anataka mutu wa pili aseme ni wa Pontien."

Jovithe akaipasha stetoskopu joto kiganjani, kama alivyofundishwa, akainama. Ulikuwa wenyewe, angeutambua kati ya elfu. Nyuma yake, wawili kati ya vijana wa kizuizi walikuwa wanachagua maini.

"Apana, mama," akasema. "Huu ni moyo wa ng'ombe."

Haya, nani abishane na daktari? Hata Atumani alimjua ng'ombe aliyemchinja. Léocadie akaomba radhi kwa kumsumbua, akaenda zake mikono mitupu. Jovithe aliona aibu, jamani, aibu ya mtu mzima. Akaununua moyo ule.

Jumatatu aliupeleka ndani ya beseni kwenye darasa la Profesa, ambalo sasa alilifundisha yeye. Wanafunzi walipanga mstari, wakausikiliza mmoja mmoja. Aliwaelekeza kwa maneno yale yale ya Pontien, hata kukohoa akakohoa kama yeye. Waliuelewa ugonjwa haraka. Tangu vita ianze hawakuwa wamepata somo zuri hivyo.

Chanelle, aliyekaa mbele, akainua mkono. "Docteur, mugonjwa huyu aliuawa na huu moyo?"

"Apana," Jovithe akajibu kabla hajafikiri. "Hata na moyo huu angeishi mpaka uzeeni."

Wanafunzi wakaandika hivyo, neno kwa neno, wakasubiri aendelee.