Chai ya Amri

Mkaguzi alikuwa keshaingiza mkono mmoja kwenye koti, na blanketi lake kalikunja kalibana kwapani, Fundi alipomwambia kutoka pale sakafuni, "Kaa kidogo."

"Nikae nifanye nini?"

"Mikono inanitetemeka. Baridi inaniingia mpaka kwenye mifupa."

Mkaguzi akamtazama kama alivyokuwa akitazama mizani iliyochezewa. Ndiyo kazi yake hiyo, kukagua mizani madukani, na wenye maduka walikiamkia mpaka kivuli chake. "Aliyefungwa ni mimi. Aliyechapwa ni mimi. Halafu wa kutetemeka uwe wewe? Kunywa maji, bibi." Akaingiza mkono wa pili akaenda zake, anapiga mluzi.

Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Ni Mkaguzi aliyemjia, mtu mzima na akili zake, akamweleza kwa aibu anachokitaka. Na Fundi, mjane asiye na wa kumuuliza, akajikuta naye anakipenda. Walipatana kila kitu: kamba ipi, mkanda upi, mwisho wapi, na neno la kusimamisha mchezo, "godoro", maana mchezo wenyewe ulifanyika chumba cha nyuma cha karakana yake ya makochi. Wakapatana na ya baadaye. Mchezo ukiisha, Fundi amfungue taratibu, amfunike blanketi, ampe chai ya sukari nyingi, ampake mafuta palipovimba, amwambie amefanya vizuri mpaka roho irudi mahali pake. Ya mshika mkanda hawakuyazungumza. Nani angedhani mshika mkanda naye ana roho ya kurudishwa?

Kumbe anayo. Mkaguzi akishatoka, Fundi huporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Machozi yanamtoka bila msiba. Anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine aliyeisahau hapo. Kesho yake mkasi unamshinda, kitambaa kinakwenda kombo, na wateja wanauliza kama anaumwa.

Mdogo wake ndiye aliyeshona foronya chumba cha mbele, na alijua mengi kuliko aliyoambiwa.

"Dada, shemeji katoka hapa anang'aa kama sufuria lililosuguliwa. Masizi yote kakuachia wewe."

"Nyamaza ushone."

"Nashona kwa cherehani, sishoni kwa mdomo. Wahenga walisema, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Basi mwambie huo ukuta ukupake dawa."

Fundi alinuna, lakini neno lilimkaa. Mkaguzi alipokuja tena, Fundi akamwekea sharti kabla hajavua hata saa. "Leo tukimaliza, chai utanipikia wewe. Na unishike mikono mpaka itulie."

"Sawa, malkia," akajibu upesi, kama anayeahidi kuacha sigara huku anapapasa kiberiti.

Wakaanza. Katikati, mkanda uko juu, ile baridi ikamvamia Fundi kabla ya wakati wake. Akasema, "Godoro."

Mkaguzi akacheka, uso ndani ya mto. "Hilo neno langu. Endelea."

"Nimesema godoro." Akamfungua.

Mkaguzi akainuka na uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani mdomoni. Fundi alikuwa kajikunyata pembeni, kajifunika blanketi. Mkaguzi akalivuta likamtoka mabegani. "Langu hili. Nimelitoa kwangu."

"Uliniahidi."

"Nilimwahidi malkia. Huyu anayelia hapa simjui. Unajua nakupendea nini? Wewe ni jiwe. Sasa jiwe likilia nilifanyeje, nilipanguse? Wa kulia ninaye nyumbani."

Akavaa shati. Akashika kitasa. Hapo ndipo Fundi alipoisikia ile sauti ya mchezoni ikimtoka, bila kujua imetokea wapi.

"Rudi. Magoti chini."

Mkaguzi akaganda. Akageuka, akarudi, akapiga magoti, uso umelainika kama wa kichanga aliyeshiba ziwa.

"Pika chai."

Akapika.

"Nifunike."

Akamfunika, pembe moja baada ya nyingine, vizuri kuliko alivyowahi kufunikwa yeye.

"Nishike mikono."

Akaishika.

Fundi akafumba macho, akangoja. Viganja vilikuwa vya moto, chai ilikuwa tamu, kila kitu kilikuwapo isipokuwa mtu. Na kulia hawezi. Akilia malkia anaondoka, na malkia akiondoka na viganja navyo vinakwenda. Basi akakaa wima, macho makavu, anashikwa mikono kama anayepimwa presha, na baridi imetulia mlemle ndani, haina haraka.

Mkaguzi akainua uso. Macho yalimwaka kwa furaha ambayo mkanda haukuwahi kumpa.

"Nimefanya vizuri, malkia?"

Fundi akaelewa. Hata hili lilikuwa la Mkaguzi. Kamzulia mchezo mpya, mtamu kuliko ule wa zamani, na sasa mwenzake yuko magotini anangoja kubembelezwa.

"Umefanya vizuri," akasema, kwa kuwa ndivyo walivyopatana. Akavua blanketi mabegani mwake, akamfunika, akampa chai iliyobaki.

Safari iliyofuata Mkaguzi alirudi na pakiti ya chai ya bei, akakuta mlango wa nyuma umepigwa misumari. Akazunguka mbele, mdogo mtu akamkaribisha kama mteja mwingine yeyote, na kwa haya akanunua mto. Haikupita miezi mingi akapata mwanamke mwingine mtaa wa pili, akamfundisha taratibu zilezile. Huyo naye hakudumu. Mkewe wa nyumbani alijua au hakujua, hakuna aliyemuuliza. Mdogo mtu aliolewa na dereva wa lori, akahama na cherehani yake. Fundi aliendelea na makochi. Mkono wake ulirudia uimara, ingawa si mara moja. Seremala aliyekuwa akimletea fremu za makochi alimshika mkono siku moja bila kuambiwa. Fundi akamwamuru auachie. Seremala akauachia, akaomba radhi, na fremu zikaendelea kuja kama kawaida.