Benchi la Meno

Katika zahanati ile, korido nyembamba ilitenganisha mabenchi mawili. Moja lilikuwa la wagonjwa wa meno. Jingine lilikuwa mbele ya mlango wa muuguzi aliyewahudumia wanawake waliopoteza ujauzito, na sifa ya benchi hilo mtaani haikuwa ya kusimuliwa mbele ya watoto. Mtaa haukujisumbua kutofautisha mimba iliyotoka na iliyotolewa. Aliyeonekana ameketi pale alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Ndiyo maana benchi la meno lilijaa kila asubuhi wanawake walioshika mashavu, wakingoja korido itulie ili wavuke. Korido haikutulia kamwe. Muuguzi alifungua mlango, akakuta benchi lake tupu, akaufunga.

Fundi cherehani alikuwa miongoni mwao. Mimba yake changa ilikuwa imetoka yenyewe mwanzoni mwa juma, na tangu juzi homa ilimpanda na tumbo likamkata. Alijua kwamba akizidi kungoja angeweza kufa. Alijua pia kwamba pembeni yake ameketi mteja wake mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Mlango ulifunguliwa tena, na tena akabaki ameshika shavu.

Ndipo akaingia mama mkwe wake, ambaye majirani walimwita Kengele kwa kuwa hakujaliwa kunong'ona. Alikuwa ameambiwa kwamba mkaza mwanawe anaumwa jino. Alimgusa paji la uso, akataka kujua ni jino gani hilo linaloleta homa kali namna hii. Fundi alijaribu kuonyesha la nyuma, akashindwa hata kuchagua upande. Kwa sauti ya chini akakiri kwamba ujauzito haupo tena, kisha akaanza kuapa kuwa hakuufanyia lolote.

"Sikukuuliza mimba imetokaje, mwanangu," Kengele alimkatiza. "Nakuuliza homa."

Korido nzima ilisikia. Akamshika mkono, akamvusha, wakaketi katikati ya benchi lile tupu kama watu waliofika kwao.

Yule mteja hakuweza kujizuia. "Kengele, na umri huo nawe umo?"

"Ningekuwamo ningekaa hapa hapa. Wewe, shoga yangu, jino lako linauma tangu mwaka jana na mifupa unatafuna."

Kicheko kilizuka pande zote. Mteja naye alicheka, kisha akautoa mkono shavuni. Alisimama akavuka. Akafuata mwingine, na mwingine, hadi kwenye benchi la meno akabaki mzee mmoja aliyeumwa jino kwelikweli, akitazama kushoto na kulia asiamini foleni ilivyomwishia.

Muuguzi alifungua mlango, akakuta benchi lake limejaa. Alipouliza nani aanze, wote walimsogeza fundi mbele, na yule mteja akamshika kiunoni asije akaanguka.

Fundi alisafishwa kizazi, akatundikiwa dawa ya mshipa, na alasiri homa ikaanza kushuka. Muuguzi alimweleza bila kumficha kwamba angechelewa hadi kesho wangekuwa wanazungumza mengine, lakini sasa atapona. Fundi alifumba macho, akacheka na kulia kwa pamoja. Nje, sauti ya mama mkwe wake ilikuwa ikimwambia msichana aliyeulizia benchi la meno kwamba nafasi ipo hapa, asogee, ajinyooshe, akae kwa raha zake.