Bunduki ya Joelle na Mapindo ya Mashati

Lempi Kangas alikuwa na miaka sabini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kulungu aliyekufa kwa kuogopa bei ya bunduki. Alikuwa amelisema hilo mara mbili asubuhi ile, dukani kwa Delbert, na mara zote mbili mwanawe Rodney alijifanya kiziwi.

Rodney alikuwa amesimama kwenye kaunta na magnum mpya mikononi, akiigeuzageuza na kuitazama kwa mapenzi ambayo mkewe, kabla hajaondoka, angefurahi kuyapata hata nusu yake. Bunduki ndefu, nyeusi, yenye darubini kubwa kuliko haja. Bei yake ilikuwa dola elfu moja na mia moja, sehemu alipe leo na sehemu alipe kila mwezi mpaka mtoto amalize shule. Kwa maana bunduki yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya binti yake, Joelle, mwenye miaka kumi na mitatu na mabega membamba, ambaye wakati huo alikuwa amejibanza kwenye rafu ya soksi za sufu akisoma lebo ya soksi kama mtu anayesomea mtihani.

"Atakua nayo," alisema Rodney. "Mtoto hanunuliwi kiatu cha kumbana."

"Basi mnunulie na meno ya bandia," alisema Lempi. "Hayo nayo atayakulia."

Delbert, mwenye duka, alikohoa ili asicheke. Alikuwa mtu wa biashara, na magnum ile ilikuwa imekaa ukutani kwake tangu masika. Lakini alikuwa pia mtu mwenye haya kidogo, akainama chini ya kaunta akatoa bunduki nyingine, fupi, kuukuu, yenye mkwaruzo kwenye mbao.

"Bi Lempi aliniuliza juzi," alisema. "Hii ilikuwa ya binti wa yule aliyekuwa posta, wale waliohamia kusini. Kitako kilikatwa kimfae mtoto. Nyepesi, haipigi teke sana. Dola mia mbili na tisini. Kwa kulungu wa huku inatosha na kubaki."

Rodney aliitazama kama mtu aliyeletewa bakuli la uji hotelini. "Hiyo ni ya kuulia panya, Delbert."

"Kulungu niliyemwangusha mwaka jana alikuwa panya mzuri sana," alisema Lempi. "Ulimla mpaka Machi."

Ugonjwa wa Rodney ulikuwa mmoja, na Lempi aliujua kama anavyojua maumivu ya goti lake. Novemba nyingi Rodney alikosa kulungu, na kwa desturi ya kambi yao ya uwindaji, aliyekosa alikatwa pindo la shati likapigiliwa ukutani. Kila alipokosa, Desemba alitafuta wa kumlaumu: mara upepo, mara darubini, mara risasi za bei rahisi. Na kila mwaka uliofuata, au mwaka baada ya huo, alirudi na bunduki kubwa zaidi. Wala hakuwa peke yake. Nusu ya wanaume wa wilaya ile walijitibu hivyohivyo, ndiyo maana Delbert alikuwa na nyumba ya ziwani. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini nenda ukamwambie hivyo mwanamume aliyeshika bunduki mpya.

Lempi angemwacha afilisike kwa raha zake. Lakini safari hii alikuwapo Joelle. Mwezi Agosti Rodney alikuwa amempa mtoto magnum yake mwenyewe ajaribu risasi moja tu, "aizoee". Bunduki ilimrudi, darubini ikampiga juu ya nyusi na kumwachia kovu jembamba la mviringo. Rodney alicheka, akamwambia sasa amekuwa mwindaji. Joelle naye alicheka, kwa sababu baba alikuwa akicheka. Kisha Alhamisi iliyopita, wakimenya viazi jikoni, alimwambia Lempi bila kuinua macho: "Bibi, msimu huu nitabaki nyumbani nikusaidie."

"Unisaidie nini? Mimi mwenyewe nitakuwa msituni."

 Mtoto aliendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikawa kama gololi.

Huyo ndiye mtoto aliyekuwa akikaa kwenye kibanda cha kuvizia kulungu pembeni ya Lempi tangu ana miaka sita, saa nne nzima bila kukohoa. Ndiye aliyejua kwa kuangalia nyayo tu kama kulungu amepita asubuhi au jana. Lempi alikuwa amewaona wawindaji wengi, na wengi wao walikuwa kelele tupu zilizovishwa koti la kuwindia la rangi ya chungwa. Huyu mmoja alikuwa mwindaji kweli, na siku nne kabla ya msimu alitaka kubaki nyumbani.

Kwa hiyo Lempi alifungua pochi, akaweka noti zake kaunta, akajaza fomu za Delbert kwa mwandiko wake mbaya. "Ya panya naichukua mimi," alisema. "Na wewe Rodney, mwache Delbert akuwekee hilo lidude mpaka saa kumi na moja. Twende shimo la kokoto tukapige shabaha. Joelle atachagua mwenyewe."

"Ataichagua hii mpya," alisema Rodney. "Yangu ni ndugu yake. Nikimwonyesha vizuri jinsi ya kuishika, ataipenda."

"Mwonyeshe," alisema Lempi. "Mwonyeshe vizuri."

Shimo la kokoto lilikuwa nyuma ya barabara ya zamani ya reli, na Jumamosi ile, kwa bahati, watu wengine walikuwa wameshamaliza na kuacha makopo yao. Lempi alibandika sahani za karatasi kwenye boksi, akaweka mfuko wa mchanga juu ya boneti ya gari, akamvisha mjukuu wake vizuia masikio. 

"Mimi nitakuwa naweka risasi," alimwambia. "Wewe hutajua kama nimeweka risasi nzima au ganda tupu. Usijali. Lenga, vuta taratibu, basi."

Mara ya kwanza alimwekea ganda tupu. Joelle alivuta, bunduki ikalia *tik*, na mtutu ukainama ghafla kama umeona nyoka. Mtoto alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Umeona?" alisema Lempi. "Hakuna kilichokupiga. Umejipiga mwenyewe."

Joelle alikubali kwa kichwa. Walirudia. Ganda, ganda, risasi, ganda. Teke la bunduki ile fupi lilikuwa kama mtu anayekusukuma kwenye foleni ya mkate, linaudhi, haliumizi. Kufikia mara ya kumi mtutu ulikuwa umetulia. Kufikia ya kumi na tano sahani ilikuwa na matundu manne katikati, unaweza kuyafunika kwa kiganja. Joelle alivua vizuia masikio akacheka, kicheko chake mwenyewe, si kile cha Agosti.

"Vizuri, vizuri," alisema Rodney, akikuna kidevu. "Kwa hatua hamsini. Sasa tazama bunduki ya watu wazima. Mama, niwekee moja."

Aliinama juu ya boneti na magnum yake, akatanua miguu, akaanza kufundisha kwa sauti kubwa: kitako kikae hapa, bega lilegee, usiogope, mwindaji haogopi. Lempi alisimama upande wake wa kulia na risasi mfuko wa kulia na maganda mfuko wa kushoto. Hakufikiri sana. Akatia mkono mfuko wa kushoto.

*Tik.*

Mtutu wa Rodney ulianguka shubiri nzima. Bega lake liliruka mbele, uso wote ukajikunja, macho yakafumba kama ya mtu anayesubiri kofi. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, ndevu na kila kitu, aliruka kwa sababu ya sauti ndogo kuliko ya kufungia pochi.

Lempi alicheka. Hakujizuia, alicheka mpaka akashika kioo cha gari. Miaka yote ya upepo na darubini na risasi za bei rahisi, ndiyo hiyo sasa, uchi, juu ya boneti.

"Weka tena," alisema Rodney.

Aliweka risasi. Mlio ukatikisa shimo zima, na sahani ikabaki nyeupe, safi. Aliweka ganda. Mtutu ukaanguka tena. Lempi aligeuka ili acheke na mjukuu wake.

Joelle hakuwa akicheka. Alikuwa anatazama kokoto miguuni mwake, na kidole chake kilikuwa juu ya kovu.

Rodney aliilaza bunduki polepole. "Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu una miaka kumi na minne," alisema Lempi, bado anajifuta machozi ya kicheko. "Tangu baba yako akuletee lile bunduki la kuulia dubu, eti utalikulia. Kila mwenye macho alijua."

"Kambini ukutani kuna mapindo kumi na moja ya mashati yangu."

"Naam, kumi na moja."

"Uliyakata wewe, Mama. Wewe ndiye uliyeshika mkasi." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu Rodney alikuwa mtu wa kupaza sauti hata akiomba chumvi. "Kila mwaka nilipokosa ulinikata shati na watu wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Na ganda tupu ulikuwa nalo mfukoni tangu zamani."

Lempi aliacha kujifuta machozi.  

Aliliona jiko la nyumba ya zamani. Mvulana mwenye bega la zambarau akiwa amesimama mlangoni, akisubiri mama yake aseme neno. Yeye alikuwa anapiga pasi. Alikuwa ameliona lile bega, alikuwa ameelewa kila kitu, na alikuwa amesema: "Nenda kamwambie baba yako, mimi si fundi bunduki." Kisha mwaka hadi mwaka akawa anamcheka kwa jambo ambalo angeliponya kwa mchana mmoja na mfuko wa maganda. Mkuki kwa nguruwe, waliosema walisema. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuunguza masikio.

Joelle ndiye aliyetembea. Alichukua bunduki fupi, akafungua chumba cha risasi kuonyesha kuwa ni tupu, kama alivyofundishwa, akamnyooshea baba yake.

"Jaribu yangu," alisema. "Haiumi, Baba. Kweli tena."

"Ni ya mtoto."

"Ndiyo. Lakini jaribu."

Kitako kilikuwa kifupi kwake, ilibidi ajikunje juu ya boneti na kiwiko kikae pabaya. Joelle ndiye aliyemwekea. Ganda, ganda, risasi, ganda, na kila mara alimwambia kwa sauti ya chini, bila mzaha, "Umefumba," au "Safari hii hujafumba." Ilichukua muda mrefu. Lempi alikaa ndani ya gari na hakusema kitu, na hiyo pekee ilikuwa habari ya kwenda kusimulia mjini. Risasi ya mwisho ya boksi ilitoboa sahani karibu na katikati. Rodney aliitazama, akaitazama tena, akatoa simu.

"Delbert. Magnum mwuzie mwingine." Akasikiliza. "Hapana, sijapata kubwa zaidi, mshenzi wewe. Una nyingine fupi?"

Walipitia kambini kabla giza halijaingia, kuacha kuni na pasti, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, kwa ajili ya Jumatano, siku ya kufungua msimu. Kambi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye harufu ya panya na kahawa. Nyuma ya jiko, mapindo ya mashati yalikuwa yamepigiliwa misumari, kila moja na jina na mwaka kwa wino mweusi. Yalikuwa kumi na manne. Kumi na moja yalisema Rodney. Mkasi ulining'inia pale pale ulipokuwa siku zote.

Rodney aliwasha jiko bila kuutazama ukuta. Lempi alivua koti. Chini yake alikuwa amevaa shati la miraba la marehemu mumewe, Arvid, ambalo alilivaa kila msimu na hakumruhusu mtu hata kulishonea kifungo. Aliuchukua mkasi, akavuta pindo la mbele, akalikata kipande kizima kuanzia ubavu hadi ubavu.

"Bibi!" alisema Joelle. "Wewe hukukosa mwaka jana. Msimu huu haujaanza hata."

"Nani kakuambia ni cha mwaka jana? Nipe kalamu."

Aliandika akiwa ameegemea meza, kwa mwandiko wake mbaya, akichukua muda mrefu kwa maneno machache kiasi kile. Kisha alikisukuma kile kipande upande wa pili wa meza, kwa Rodney, bila kumtazama. "Mimi goti linaniuma," alisema. "Pigilia wewe. Na usinigongee vibaya ukanichania shati la baba yako."

Rodney alikikunjua. Kilisema *Lempi*, na chini yake, *1992*.

Alisoma mwaka ule, mwaka aliokuwa na miaka kumi na minne, akausoma tena. Kisha akaenda kutafuta msumari.