Vyumba Arobaini na Sita

Torhild Bakkerud aliujua muziki wa filamu ya Majuma Saba ya Barafu kama maji ya kunywa. Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita tangu aitazame mara ya kwanza, yeye na kaka yake Asbjørn, katika sinema ya mji wao, na tangu siku ile hakupona. Kila msimu wa baridi, akiendesha greda la theluji la manispaa, muziki huo ulikuwa ukiunguruma ndani ya kibanda chake. Pembe nne zinapanda, zinapanda, zinapanda, kisha barafu inapasuka na matoazi yanapigwa mara moja tu, pwaaa! Hapo Torhild aliupiga usukani kwa viganja vyote viwili. Madereva waliopishana naye walidhani ana ugomvi na mtu.

Basi bendi ya mji ilipotangaza kwamba itaupiga muziki huo pale pale sinemani, Jumapili moja ya Machi, Torhild alichanganyikiwa kwa furaha. Na siku chache baadaye mpiga matoazi, Jostein, akavunjika kiwiko akiteleza kwenye theluji kwa skii. Torhild alimwonea huruma, ndiyo, kwa kama nusu dakika hivi. Kisha akaenda kumtafuta kiongozi wa bendi, Sigve, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi mkali na soksi zisizofanana.

"Nipe matoazi," alisema.

Sigve alimtazama. Kwa miaka kumi na moja alimjua Torhild kama mama wa vafeli, yule anayesimama nyuma ya meza akiuza vikeki hivyo vya moto bendi inapouza mitumba kuchangisha hela za sare.

"Unasoma nota?"

"Najifunza."

"Tangu lini?"

Torhild akainua macho kuangalia saa ya ukutani. "Tangu sasa hivi."

Sigve akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Una wiki tatu. Lakini sikia, huku kwetu anayepiga anasoma. Ukishindwa kusoma unarudi kwenye vafeli zako, na hatununiani. Sawa?"

"Sawa kabisa!"

Alitoka nje akisahau koti.

Aliyekubali kumfundisha ni Halldis, bibi wa miaka sabini na sita aliyepiga klarineti na kutunza karatasi za bendi. Walikaa stoo, kati ya makabati, na chupa ya kahawa katikati yao. Mlangoni palikuwa na kibao alichokiandika Halldis mwenyewe: PENSELI TU. Karatasi nyingi zilikuwa za kukodi na zilikuwa zinakwenda kwa bendi nyingine baadaye, na kwa Halldis mtu wa kuandika kwa kalamu ya wino juu ya nota alikuwa sawasawa na mtu wa kutema mate kanisani.

"Mistari mitano," alisema Halldis. "Vistari vya wima vinaikata kuwa vyumba. Kila chumba humu kina mapigo manne. Wewe una vyumba arobaini na sita vya kukaa kimya, halafu pigo moja."

Torhild aliinama. Kwenye karatasi yake palikuwa na mstari mnene, na juu yake 46, kisha nota moja, peke yake.

"Hiyo ndiyo barafu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo barafu."

"Jamani! Kumbe ni kadogo hivi?"

Halldis akamfundisha kuhesabu kimya: chumba cha kwanza, moja-mbili-tatu-nne, cha pili, mbili-mbili-tatu-nne, cha tatu, tatu-mbili-tatu-nne. Pigo la kwanza linakukumbusha uko chumba gani. Torhild alihesabu akila, akahesabu kwenye foleni ya duka, akahesabu juu ya greda. Kisha Halldis akamwonesha karatasi ya pembe, na hapo ndipo alipopagawa. Nota zilikuwa zinapanda! Sauti ilipopanda na wino ulipanda, ngazi kwa ngazi, na pale ambapo kila mara nywele zilimsisimka palikuwa na kinota kimeruka juu ya mistari yote mitano.

"Ipo hapa!" alipiga kelele. "Halldis, ipo hapa, naiona!"

"Nakusikia, sijafa," alisema Halldis, lakini naye alikuwa anatabasamu.

Mazoezi ya kwanza, Torhild alisimama nyuma kabisa, matoazi mikononi. Alianza kuhesabu vizuri. Lakini pembe zilipoanza kupanda, hesabu yote ikamtoka. Kwani nani anahitaji kuhesabu kitu anachokijua kwa miaka ishirini na tisa? Pembe zikafika juu, naye akapiga, pwaaa!

Akapiga peke yake. Mbele kabisa filimbi moja ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuimba taratibu, na yule dada wa filimbi nusura aimeze.

Sigve alishusha kijiti cha kuongozea. "Torhild. Barafu bado haijapasuka."

"Imepasuka! Pembe zimeshafika juu!"

"Bado vyumba vinane. Unasoma au unaota?"

Bendi nzima ikaangua kicheko. Torhild aliona haya, lakini zaidi ya haya aliona hasira, maana alikuwa na hakika. Alipofika nyumbani aliweka rekodi ya filamu na kuhesabu kwa vidole. Vyumba thelathini na nane. Akahesabu tena. Thelathini na nane! Aliruka jikoni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wiki mbili tu za kusoma nota, na tayari amekamata kosa lililowapita wenye miaka sitini ya klarineti! Akaichukua karatasi yake, akakata ile 46, akaandika 38. Kwa furaha hiyo hakutazama mkono wake umeshika nini. Ulikuwa umeshika kalamu ya wino.

Mazoezi yaliyofuata alipiga pale pale, kwa kujiamini kuliko mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Karatasi ina makosa," Torhild aliwaambia. "Nimeirekebisha."

Halldis alisogea, akavaa miwani, akaiona ile 38 ya wino. Aliitazama tu, na hilo lilimuuma Torhild kuliko tusi.

"Jumapili tunapiga," alisema Sigve, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Sitaki mtu anayejua filamu. Nataka mtu anayesoma. Alhamisi ni mazoezi ya mwisho. Ukikosea, matoazi anapewa mpiga ngoma kubwa."

Torhild alikwenda stoo kuomba radhi. Alimkuta Halldis amefungua kitabu kikubwa cha kiongozi, kile chenye nota za vyombo vyote kwa pamoja.

"Kaa," alisema Halldis. "Husikii la mtu, basi tumia macho. Pembe zinaishia wapi?"

Torhild alitafuta kwa kidole. "Hapa. Chumba cha thelathini na nane. Si nilisema?"

"Endelea."

Kidole kikasogea. Baada ya pembe palikuwa na vyumba vinane, karibu vyeupe vitupu, na filimbi moja ikitembea katikati. Pembeni, mtunzi mwenyewe alikuwa amechapisha maneno machache: vyumba hivi vilikatwa kwenye filamu kwa sababu tukio lilifupishwa, hapa vimerudishwa.

Torhild alirudi mwanzo wa vile vyumba vinane akasoma nota moja moja, midomo ikicheza. Inashuka. Inasimama. Inapanda kidogo, kama mtu anayechungulia. Taratibu sauti ikaanza kusikika kichwani mwake, nyembamba lakini safi, na haikuwa kumbukumbu. Hakuwahi kuisikia popote. Barafu ilikuwa inashusha pumzi kabla ya kupasuka.

"Miaka ishirini na tisa," alisema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Halldis, kumbe kulikuwa na mengine! Yalikuwepo siku zote!"

"Ndiyo maana tunasoma," alisema Halldis, akampa kifutio kigumu na penseli. "Sasa sugua uchafu wako."

Alhamisi hakukosea. Na Jumapili, saa nane mchana, sinema ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Asbjørn alikuwa safu ya tatu, amevaa tai, jambo alilolifanya kwa misiba tu.

Pembe zikaanza kupanda. Thelathini na sita-mbili-tatu-nne. Torhild aliinua matoazi. Thelathini na saba. Ukumbi mzima uliujua muziki ule. Aliona mabega yakijikaza, watu wakijiandaa. Pembe zikafika juu kabisa. Mikono ilimwasha. Asbjørn alijipiga paja, paa!, mahali pale pale pa siku zote, na matoazi hayakulia.

Vichwa vikageuka. Maskini Torhild, amesahau. Asbjørn alifumba macho kwa aibu ya dada yake.

Torhild alisimama na matoazi hewani, anatabasamu wazi wazi. Thelathini na tisa-mbili-tatu-nne. Filimbi ikaingia, na watu waliodhani wanaujua muziki ule wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Hata viti vikaacha kulia. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Alimwona Asbjørn anafumbua macho taratibu, mdomo wazi, kama alivyokuwa utotoni katika ukumbi huo huo. Arobaini na sita-mbili-tatu-nne.

Pwaaa!

Baadaye, kwenye meza ya kahawa, Asbjørn alimjia akiwa bado amepauka.

"Ulichelewa," alisema, lakini hakuwa na uhakika.

"Sikuchelewa. Wewe ndiye uliyewahi."

"Na ile ya filimbi? Ile imetoka wapi?"

Torhild alisukuma vafeli pembeni, akatandaza karatasi mezani. Kwenye ile 46 ya penseli bado ulionekana ukungu wa wino usiotaka kutoka.

"Mimi hivyo vidudu sivijui," alisema Asbjørn, akirudi nyuma.

"Hata mimi sikuvijua," alisema Torhild, akamvutia kiti. "Kaa. Mistari mitano."